Kitufe cha kibodi kikigoma, tafuta chanzo kabla ya kununua kipya

KATIKA vifaa vyote vinavyounda kompyuta, kibodi ndiyo inayoguswa zaidi na ndiyo inayotunzwa kidogo kuliko vyote. Hupigwa maelfu ya mara kwa siku, hudondoshewa makombo ya mkate, humwagiwa chai na hukusanya vumbi la barabarani linaloingia kupitia dirishani. Siku kitufe kimoja kinapokataa kubonyea, au kinapobonyea kisirudi juu, ndipo mtumiaji hutambua kwamba kazi yake yote ilikuwa ikitegemea kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Yapo mambo mawili ambayo watu wengi huyafanya hali hiyo inapojitokeza. Wapo wanaokipiga kitufe hicho kwa nguvu wakidhani kitazinduka, na wapo wanaokimbilia dukani kununua kibodi nyingine. Wa kwanza mara nyingi huishia kukivunja kabisa. Wa pili hutumia fedha ambazo pengine hawakuwa na sababu ya kuzitumia.

Tatizo hili si dogo kama linavyoonekana. Kitufe cha sifuri kinachojirudia kinaweza kuigeuza ankara ya shilingi 500,000 kuwa ya shilingi 5,000,000, na asiyeisoma mara ya pili akaitia saini. Namba ya akaunti ya benki ikikosa tarakimu moja, malipo hukwama. Mwombaji wa kazi ambaye anwani yake ya barua pepe imekosa herufi moja atasubiri jibu lisilofika. Katika duka la kuchapa na kudurufu, kitufe kibovu maana yake ni foleni ya wateja na mapato ya siku yaliyopotea.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya hitilafu za vitufe hurekebishika nyumbani au ofisini, bila vifaa vya gharama. Jambo la msingi ni kujua chanzo kwanza. Vyanzo hivyo ni vinne: mipangilio ya kompyuta, uchafu, uchakavu wa kitufe chenyewe, na kukatika kwa njia ya umeme. Mwenye kufuata mpangilio huo, akianza na kile kisichogharimu chochote, ataokoa muda na fedha.

Kibodi inavyofanya kazi

Ili kuelewa kwa nini kitufe hugoma, ni vema kufahamu kilicho chini yake. Kibodi nyingi za bei ya kawaida zina karatasi tatu laini za plastiki zilizolaliana. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme kwa wino maalumu unaopitisha umeme. Ya katikati haina njia hizo, bali ina matundu, tundu moja chini ya kila kitufe.

Juu ya karatasi hizo kuna vipande vya mpira vyenye umbo la kuba. Unapobonyeza kitufe, kuba hubonyea na kuisukuma karatasi ya juu ipite kwenye tundu hadi iguse ile ya chini. Umeme hupita, kompyuta hupokea herufi, kisha kuba hujikunjua na kukirudisha kitufe mahali pake. Kwa hiyo mpira huo ndio springi ya kibodi. Ukichanika au ukigandishwa na uchafu, kitufe hakirudi.

Kompyuta mpakato hutumia utaratibu unaofanana na huo, isipokuwa kila kitufe hushikiliwa na fremu mbili nyembamba za plastiki zilizopishana mithili ya mkasi. Ipo pia aina ya tatu, inayopendwa na wachezaji wa michezo ya kompyuta na wachapaji wa muda mrefu, ambayo kila kitufe kina swichi yake kamili yenye springi ya chuma. Hizi ni ghali zaidi, lakini swichi moja ikifa huweza kubadilishwa peke yake.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba kila kitufe hakina waya wake. Njia za umeme hupangwa kwa mlalo na wima kama mistari ya daftari la hesabu, na kila kitufe hukaa kwenye makutano. Kwa mfano, njia 8 za mlalo na 16 za wima hutoa makutano 128, idadi inayotosha kibodi ya kawaida yenye vitufe 104. Chipu ndogo ndani ya kibodi hukagua makutano hayo mara nyingi katika kila sekunde ili kujua kipi kimebonyezwa.

Sikiliza dalili

Maelezo hayo ndiyo ufunguo wa kutambua ugonjwa. Kitufe kimoja kikigoma peke yake, chanzo huwa kipo chini ya kitufe hicho hicho: uchafu, mpira uliochoka au fremu iliyochomoka.

Vitufe kadhaa vikifa kwa pamoja, hata kama viko mbalimbali, kuna uwezekano mkubwa kuwa njia moja ya umeme imekatika au haigusi vizuri kwenye chipu. Hapo kusafisha kitufe kimoja kimoja ni kupoteza muda.

Kitufe kinachoandika herufi mara mbili kwa mbonyezo mmoja huashiria mgusano uliochakaa au wenye uchafu. Kitufe kinachobonyea kwa uzito na kurudi polepole huwa kimeingiliwa na kitu kinachonata, na mara nyingi kitu hicho ni sukari.

Kibodi nzima ikinyamaza, anza na waya. Chomoa, chomeka kwenye tundu jingine la USB, kisha ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kwa kompyuta za zamani zenye tundu la duara la rangi ya zambarau, zima kompyuta kwanza kabla ya kuchomoa, kwa sababu tundu hilo halikutengenezwa kwa ajili ya kuchomolewa wakati umeme unapita. Kwa kibodi isiyo na waya, badilisha betri kabla ya kulaumu kitu kingine chochote. Betri iliyofifia hufanya herufi zirukwe.

Anza na mipangilio

Zipo nyakati ambazo kibodi ni nzima kabisa na tatizo liko kwenye kompyuta. Windows ina huduma kadhaa zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa mikono, na huduma hizo huweza kuwashwa bila mtumiaji kukusudia. Kubonyeza Shift mara tano mfululizo huleta huduma inayofanya vitufe kama Shift na Ctrl vibaki kana kwamba vimeshikiliwa. Kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane huleta nyingine inayopuuza mibonyezo ya haraka. Aliyeiwasha bila kujua ataapa kwamba kibodi yake imekufa, kumbe imeagizwa kutomsikiliza.

Kwenye baadhi ya kompyuta mpakato ndogo, kitufe cha Num Lock kikiwashwa, herufi za upande wa kulia kama U, I, O, J, K na L huanza kuandika tarakimu. Kitufe cha Insert nacho huweza kufanya kila herufi mpya ifute iliyo mbele yake. Vyote viwili hutatuliwa kwa mbonyezo mmoja.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ipo sababu nyingine inayostahili kutajwa. Kompyuta nyingi zinazouzwa katika miji yetu zimeshatumika kwanza Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, na kibodi za huko hazifanani. Kwenye kibodi ya Uingereza, alama ya @ haiko mahali ilipo kwenye kibodi ya Marekani. Kompyuta ikipangwa kwa mtindo wa Marekani, mtu akibonyeza kitufe chenye @ hupata alama ya kunukuu. Kibodi za Ujerumani zina Y na Z zilizobadilishana nafasi, na za Ufaransa zimehamisha A na Q. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya lugha, ambako mtumiaji huchagua aina ya kibodi inayolingana na ile aliyonayo mkononi. Wakati mwingine mpangilio huo hubadilika wenyewe mtu anapobonyeza Alt na Shift kwa pamoja bila kukusudia.

Njia rahisi ya kutenganisha tatizo la programu na la kifaa ni kuchomeka kibodi nyingine iliyo nzima. Ikiwa nayo inafanya makosa yale yale, tatizo liko ndani ya kompyuta. Ikiwa inaandika vizuri, basi ile ya kwanza ndiyo mgonjwa.

Uchafu, adui mkuu

Ukishajiridhisha kuwa mipangilio haina kosa, hatua inayofuata ni kusafisha. Zima kompyuta na uchomoe kibodi. Ikiwa ni kompyuta mpakato, chomoa chaja, zima kabisa, na kama betri inatoka, itoe.

Igeuze kibodi juu chini na uigonge taratibu kwa kiganja. Makombo, mchanga na nywele vitadondoka. Kisha tumia brashi laini au mswaki mpya kupitisha katikati ya vitufe. Kopo la hewa iliyoshindiliwa hufaa sana, mradi lishikwe wima na lipulizwe kwa vipindi vifupi. Asiye nalo anaweza kutumia pampu ya baiskeli, ambayo hewa yake ni kavu ya kutosha. Kupuliza kwa mdomo si vema, kwa kuwa pumzi ina unyevu na mate.

Kwa kitufe kinachonata, lowesha kijiti cha pamba cha kusafishia masikio kwa spiriti kidogo, kisha pitisha kando ya kitufe huku ukikibonyeza mara kwa mara ili spiriti ilainishe uchafu. Spiriti hufaa kwa sababu hukauka haraka na haiachi maji nyuma yake. Iliyo safi ya asilimia 90 au zaidi ni bora, lakini ya asilimia 70 ya duka la dawa nayo husaidia. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa na mbali na moto, kwa kuwa spiriti hushika moto upesi. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, maana baadhi ya kibodi hupoteza maandishi yake zikiguswa na spiriti.

Vipo vitu ambavyo havipaswi kutumika kabisa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki. Mafuta ya kulainisha bawaba, mafuta ya kupikia na mafuta ya taa hukifanya kitufe kiteleze kwa siku mbili tatu, kisha hukusanya vumbi na kugeuka tope.

Asiyeamini nguvu ya vumbi na atazame yaliyoikuta kampuni ya Apple ya Marekani. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilianza kutumia kwenye kompyuta zake mpakato kibodi nyembamba mno. Wateja wakalalamika kwamba vitufe vinakwama au vinaandika mara mbili. Mwezi Juni 2018 kampuni ilitangaza mpango wa kuzirekebisha bila malipo, na kufikia mwaka 2020 ilikuwa imeachana na muundo huo katika kompyuta zake mpya. Mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na wateja nchini Marekani, bila kukiri kosa.

Kuondoa kofia ya kitufe

Kusafisha kwa juu kusiposaidia, itabidi kuondoa kofia, yaani kile kipande cha plastiki chenye herufi. Kabla ya hapo, piga picha ya kibodi kwa simu ili usije ukasahau mpangilio wa vitufe.

Kwenye kibodi ya mezani, kofia huchomoka ikivutwa moja kwa moja kuelekea juu. Waweza kutumia bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa au kadi ya plastiki isiyotumika tena, ukiinua kidogo kidogo kutoka pande mbili. Usilazimishe upande mmoja. Vitufe virefu kama Enter, Shift na kile cha nafasi vina waya wa chuma unaovifanya visiyumbe. Kwa anayejifunza, ni busara kuviacha hadi pale inapolazimu. Kwa wakazi wa pwani waya huo hushika kutu kwa sababu ya chumvi iliyo hewani, na kutu hiyo nayo huweza kukikwamisha kitufe.

Baada ya kuondoa kofia, ondoa uchafu kwa kijiti chenye spiriti, hakikisha mpira haujachanika, subiri pakauke, kisha rudisha kofia kwa kuibonyeza hadi usikie mlio mdogo wa kushika.

Kwenye kompyuta mpakato kazi hii huhitaji mkono mwepesi zaidi. Fremu zile za mkasi hushikwa na vijino vidogo ambavyo vikivunjika haviungi. Upande wa kuanzia kuinua kofia hutofautiana kati ya toleo moja na jingine, hivyo tafuta kwanza maelekezo ya toleo lako. Ukiona fremu imechomoka upande mmoja, irudishe kwenye vijino vyake kabla ya kuweka kofia. Kazi nyingi za kitufe kilicholegea huishia hapo.

Chai ikimwagika

Hakuna ajali inayoua kibodi kama kioevu, na hapa dakika ya kwanza ndiyo inayoamua. Kinachoharibu zaidi si maji yenyewe, bali umeme unaopita kwenye maji hayo na kuzila njia za shaba. Kwa hiyo jambo la kwanza si kufuta, bali ni kukata umeme. Kwa kompyuta mpakato, shikilia kitufe cha kuzimia mpaka izime, hata kama hujahifadhi kazi yako. Kazi ya saa moja huandikwa upya. Bodi kuu iliyoungua hairudi.

Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha igeuze kompyuta juu chini ikiwa imefunguliwa nusu, mfano wa paa la nyumba, ili maji yatoke yalikoingilia. Iache hivyo kwa muda usiopungua saa 48 mahali penye hewa. Usiianike juani wala kuipulizia mashine ya kukaushia nywele, kwa kuwa joto hupinda plastiki. Imani ya kuifukia kwenye mchele nayo haina msaada. Unga wa mchele huingia matunduni na kuongeza tatizo.

Lililo muhimu ni kujua kilichomwagika. Maji safi yakikauka, mara nyingi yamekwisha. Soda, juisi au chai ya maziwa ikikauka, maji huondoka lakini sukari hubaki, tena huwaita sisimizi. Ndiyo maana kibodi iliyomwagiwa soda huonekana kupona siku ya pili, kisha vitufe huanza kunata baada ya wiki.

Kibodi ya mezani yenye waya inaweza kufunguliwa na kuoshwa. Fungua skrubu za nyuma, ukikumbuka kwamba nyingine hufichwa chini ya karatasi ya nembo au chini ya miguu ya mpira. Tenga kofia na fremu ya plastiki, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Zile karatasi za plastiki zenye njia za umeme zipanguse taratibu kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, bila kuzikwaruza. Ubao mdogo wenye chipu usiloweshwe. Kila kitu kikauke usiku kucha kabla ya kuunganishwa.

Wakati wa kuunganisha, zingatia mahali ambapo karatasi zile hugusana na ubao wa chipu. Hubanwa kwa skrubu, na skrubu hizo zikilegea safu nzima ya vitufe hunyamaza. Mara nyingine kibodi iliyodhaniwa kufa haikuhitaji zaidi ya kukazwa hapo.

Kompyuta mpakato haioshwi namna hiyo, kwa kuwa chini ya kibodi yake ndipo ilipo bodi kuu. Iliyomwagiwa kitu chenye sukari ipelekwe kwa fundi mapema, ikiwa imezimwa, hata kama inaonekana inaweza kuwaka.

Ikiwa kibodi imevimba, simama

Ipo dalili moja ambayo mtumiaji hapaswi kuifanyia majaribio. Vitufe vya kompyuta mpakato vikianza kuwa vigumu kubonyea vyote vya eneo moja, au ukiona kibodi imenyanyuka katikati na kifuniko hakifungi sawasawa, huenda betri iliyo chini yake imevimba. Betri za aina hii huweza kushika moto zikitobolewa au zikibanwa.

Usiibonyeze irudi chini, usiitoboe na usiendelee kuichaji. Zima kompyuta, chomoa chaja, iweke mahali pasipo na vitu vinavyowaka upesi, na umtafute fundi anayezifahamu betri hizo. Betri hiyo isitupwe pamoja na taka za nyumbani.

Kiswahili na herufi A

Mpangilio wa herufi tunaoutumia, unaoanza na Q, W, E, R, T na Y, ulitokana na mashine za taipu za Marekani za miaka ya 1870. Uliwekwa kwa kuifikiria lugha ya Kiingereza. Kiswahili kina tabia zake. Chukua maneno mawili tu, "wafanyakazi wanalalamika." Yana herufi 23, na kati ya hizo tisa ni A.

Maana yake ni kwamba kwa anayechapa Kiswahili, kitufe cha A hupata kipigo kikubwa kuliko kingine chochote cha herufi, nacho hupigwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwa anayefuata kanuni za uchapaji. Si ajabu basi kukuta kibodi ya ofisi ambayo A yake imefutika maandishi wakati X inang'aa kama ilivyotoka dukani.

Hali hiyo ina faida yake. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haitumii Q wala X peke yake. Mpira wa chini ya A ukichoka, kwenye kibodi ambazo mipira yake ni vipande vinavyotengana, fundi anaweza kuuhamishia hapo ule wa kitufe kisichotumika sana, kama vile Pause au Scroll Lock. Kofia nazo huweza kubadilishana iwapo zina umbo moja, ingawa kwenye kibodi nyingi za mezani kila safu ina mwinamo wake. Q na X zisiondolewe moja kwa moja, kwa sababu zinaweza kuhitajika kwenye anwani za tovuti na maneno ya siri.

Wakati ukisubiri

Si lazima kazi isimame wakati kibodi ikisubiri matengenezo. Windows ina kibodi ya skrini inayobonyezwa kwa mausi, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows, Ctrl na O. Hata kwenye ukurasa wa kuandika neno la siri inapatikana, kupitia alama ya huduma kwa watu wenye ulemavu iliyo kwenye kona ya chini ya skrini. Aliyefungiwa nje ya kompyuta yake kwa sababu ya herufi moja anaweza kuingia kwa njia hiyo.

Njia nyingine ni kukikabidhi kitufe kizima kazi ya kile kilichokufa. Programu ya PowerToys, inayotolewa bure na Microsoft, humwezesha mtumiaji kuamuru kwamba, kwa mfano, Caps Lock iandike A. Aidha, kuchomeka kibodi ya kawaida ya USB kwenye kompyuta mpakato ni suluhisho ambalo wengi hulitumia kwa miezi bila shida.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha. Yeyote anayefanya malipo au kuandaa ankara kwa kibodi yenye kitufe kinachojirudia asome kila tarakimu kwa sauti kabla ya kutuma. Programu ya kusahihisha tahajia hugundua neno lenye herufi mbili zilizozidi, lakini haigundui sifuri iliyozidi.

Kutengeneza au kununua?

Kibodi ya kawaida ya mezani ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu vya kompyuta. Ikiwa njia zake za umeme zimekatika, ama imeshasafishwa mara mbili bila mafanikio, malipo ya fundi yanaweza kuzidi bei ya mpya. Hapo kununua ni busara.

Kwa kompyuta mpakato hesabu ni tofauti. Baadhi hutolewa kibodi kwa skrubu chache, na nyingine kibodi imepigiliwa kwenye mfuniko wa juu kiasi kwamba lazima mfuniko wote ubadilishwe. Kabla ya kukubaliana na fundi, uliza mambo matatu: kibodi ya toleo lako inapatikana, bei ni ya kibodi pekee au pamoja na kazi, na atatoa dhamana ya muda gani. Hakikisha pia kwamba mpangilio wa herufi ni ule uliouzoea.

Kabla ya kuiacha kompyuta kwa fundi, nakili mafaili yako muhimu mahali pengine na utoke kwenye akaunti zako za barua pepe na benki. Hiyo si dharau kwa fundi. Ni tahadhari ambayo fundi mwaminifu mwenyewe atakushauri uichukue.

Kinga

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kibodi inayogeuzwa na kugongwa taratibu mara moja kwa wiki, ikafunikwa kwa kitambaa kila jioni na ikawekwa mbali na kikombe cha chai, hudumu kwa miaka mingi. Kikombe kikae upande wa mkono usiotumika, tena chini ya usawa wa meza ikiwezekana, ili kikipinduka kimwagikie sakafuni.

Kompyuta mpakato isifungwe ikiwa na kalamu au karatasi juu ya vitufe, na isichukuliwe kwenye begi moja na chupa ya maji. Wanaokula mbele ya kompyuta angalau wanawe mikono kabla ya kurejea kazini, kwa kuwa mafuta ya chipsi hugeuka gundi yakikutana na vumbi.

Na pale kitufe kitakapogoma licha ya hayo yote, kisipigwe. Kagua mipangilio, safisha, tazama mpira na fremu, kisha fikiria njia za umeme. Mara nyingi jibu hupatikana katika hatua mbili za kwanza, kabla hujatoa hata shilingi mfukoni.